Wingi wa Wajuzi na Ukaribu wa Fundi: Lugha za Kompyuta na Hesabu za Afya za Karagwe na Kyerwa

Wahenga walinena: wengi wape. Neno hili aghalabu hutajwa katika mabaraza na katika uchaguzi wa viongozi, walakini lafaa vile vile katika jambo ambalo wahenga hawakuliona, nalo ni uchaguzi wa zana za kompyuta. Mtu atakaye kutengeneza programu ya kutunza hesabu za hospitali, ama ya kuandika mizani ya kahawa ya wakulima, hana budi kwanza kuchagua lugha atakayoiandikia. Lugha hizo za kuandikia programu ni nyingi, na kila moja ina sifa zake na kasoro zake. Twaona, hata hivyo, kwamba mara nyingi mchaguaji hazipimi sifa hizo kwa mizani. Huuliza swali fupi zaidi: wengi wanatumia ipi? Akiisha kujibiwa, huifuata ile ya wengi.

Je, afanya vema? Swali hili si la mafundi peke yao. Programu ya hesabu za afya ndiyo inayoieleza serikali ni watoto wangapi waliougua malaria katika kata fulani mwezi uliopita, na dawa zipelekwe wapi. Lugha iliyochaguliwa kwa ajili ya programu hiyo ikiwa haina fundi wa kuitengeneza, hasara haibaki ofisini, humfikia mgonjwa. Insha hii yajaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya historia, na mfano wake ni safari ya hesabu za afya kutoka zahanati za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, hata zikafika katika kompyuta.

Lugha ya njia na fundi wa kijiji

Kabla ya kuingia katika habari za mashine, yafaa tukumbuke kwamba Karagwe ilipata kuujua uchaguzi wa namna hii zamani. Katika karne ya 19 nchi hiyo ilikuwa ufalme wenye nguvu, na makao ya Mfalme Rumanyika yalikuwa Bweranyange. Wasafiri wa Kiingereza Speke na Grant walipofika huko mwezi wa Novemba 1861, walikuta kwamba wafanya biashara wa pwani na wa Unyanyembe wamekwisha kuizoea njia ya Karagwe, nao walikuwa na kambi yao mahali paitwapo Kafuro. Pamoja na nguo na shanga, watu hao walileta lugha yao, Kiswahili.

Kinyambo hakikupungukiwa na kitu. Kilikuwa lugha ya mfalme na ya mchungaji, chenye utajiri mkubwa wa maneno ya ng'ombe, ya migomba na ya heshima. Mtu wa Bweranyange hakuhitaji lugha nyingine kwa mambo ya nyumbani kwake. Lakini aliyetaka kuuza pembe za ndovu kwa mtu aliyetoka Tabora na kuelekea Buganda alihitaji lugha inayofahamika kambi kwa kambi. Kiswahili hakikuchaguliwa Kafuro kwa uzuri wa sarufi yake wala kwa ubaya wa Kinyambo. Kilichaguliwa kwa sababu njia nzima ilikijua. Huo ndio wingi, na faida yake ni ya kweli.

Walakini Karagwe hiyo hiyo yatufundisha jambo la pili. Miongoni mwa vitu vya enzi vya wafalme wake vilikuwamo nyundo na fuawe za chuma, na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma, ambazo wageni wa karne ile waliziona na kuziandika habari zake. Ufalme ulijihusisha na uhunzi kwa sababu mhunzi alikuwa nguzo ya nchi. Jembe likipinda au likiisha makali, halikupelekwa mbali. Lilirudishwa kwa mhunzi aliyelifua, naye akalitia motoni akalinyosha. Zana na fundi wake walikaa pamoja.

Basi hapa tuna vipimo viwili. Cha kwanza ni wingi wa wanaoijua zana katika njia nzima, na cha pili ni ukaribu wa mtu awezaye kuitengeneza iharibikapo. Vipimo hivi mara nyingine hukubaliana, na mara nyingine hupingana.

Jinsi lugha za kompyuta zilivyopata wafuasi

Lugha za kwanza za kompyuta zilizoenea zilizaliwa Marekani. FORTRAN ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, chini ya uongozi wa John Backus, kwa ajili ya hesabu za wanasayansi na wahandisi. COBOL ilikamilishwa mwaka 1960 kwa ajili ya kazi za maofisi: mishahara, ankara, bima na mabenki. Kilichoipa COBOL nguvu hakikuwa ufasaha wake tu. Wizara ya Ulinzi ya Marekani, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa kompyuta, ilitaka mashine inazonunua ziwe na uwezo wa kuitumia lugha hiyo, na watengenezaji wakatii. Mashine zikaja na COBOL, vyuo vikafundisha COBOL, na ofisi zikatafuta vijana waliojua COBOL.

Mtu aweza kudhani basi kwamba amri ya mnunuzi yatosha kuieneza lugha. La, haitoshi. Wizara hiyo hiyo ilitengenezesha lugha nyingine, Ada, iliyothibitishwa rasmi mwaka 1983, ikaamuru itumike katika kazi zake. Ada ilisifiwa na wataalamu kwa usalama wake. Lakini nje ya kazi za serikali wafuasi hawakuwa wengi kama ilivyotumainiwa, na mwaka 1997 amri ile ikaondolewa. Sifa njema na amri ya mkubwa, vyote viwili, vilishindwa kuumba umati.

Mfano wa tatu ndio utakaotufikisha karibu na habari yetu, nao watoka Norwei. Katika mji wa Oslo, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitunga lugha iitwayo Simula, na toleo lake la mwaka 1967 ndilo lililoleta kwa mara ya kwanza namna ya kuipanga programu kwa vitu vyenye tabia zao, namna ambayo leo yatumiwa karibu kila mahali. Mwaka 2001 watu hao wawili walipewa Tuzo ya Turing, iliyo kubwa kupita zote katika elimu ya kompyuta. Lakini Simula yenyewe haikuenea. Mawazo yake yalichukuliwa na lugha nyingine: C++ katika miaka ya 1980, kisha Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995. Wana walirithi, mzazi akasahaulika. Tutakapoona baadaye watu wa Oslo wakitengeneza programu itakayofika Kagera, tutaona kwamba hawakuiandika kwa lugha iliyozaliwa mjini kwao. Waliiandika kwa Java. Wengi walipewa, hata nyumbani kwa mwenye asili.

Sababu ya mambo haya yaeleweka. Lugha ikiisha kupata watumiaji wengi, huvuta walimu na vitabu. Huvuta pia vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa, ambavyo mtu mwingine aweza kuviunga katika kazi yake bila kuanza upya. Waajiri huitaja katika matangazo ya kazi, na vijana hujifunza ili waajiriwe. Kwa hiyo wingi huzaa wingi. Tangu mwaka 2001 kampuni ya TIOBE imekuwa ikitoa orodha ya lugha kwa kadiri ya umaarufu wao. Orodha hiyo ilipoanza Java ilikuwa juu. Mwezi wa Oktoba 2021 Python ilishika nafasi ya kwanza. Watoaji wa orodha wenyewe husema wazi kwamba hawapimi lugha ipi iliyo bora. Walakini wachaguaji wengi huisoma kana kwamba ni cheti cha ubora, na hapo ndipo kosa linapoanza.

Tanzania yaonja ugumu wa zana isiyo na fundi

Nchi yetu ililijua jambo hili mapema, tena kwa gharama. Kompyuta ya kwanza katika Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ilikuwa ya kampuni ya Kiingereza, aina ya ICT 1500. Baadaye wizara ilijaribu kuhamishia hesabu za serikali katika mashine za aina nyingine, jamii ya 1900. Kazi hiyo haikufaulu. Hesabu zikavurugika, fedha zikapotea, na mambo yakarudishwa katika vitabu na kalamu. Wenyeji waliojua kuziendesha na kuziandikia programu mashine hizo walikuwa wachache mno, na tegemeo kubwa lilikuwa wageni. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilidumu miaka mingi kabla ya kulegezwa.

Watu wengi huisimulia habari hii kana kwamba serikali iliogopa maendeleo. Tukiitazama kwa makini twaona jambo lingine. Mashine za ICT, na kampuni ya ICL iliyozirithi, zilikuwa maarufu katika Uingereza na zilitumika katika ofisi nyingi huko. Wingi ulikuwapo, lakini ulikuwa ng'ambo ya bahari. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Vitabu vya MTUHA na programu ya kwanza

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Afya ilianzisha utaratibu mmoja wa kuandika habari za vituo vya tiba nchini kote, uitwao Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, yaani MTUHA. Kila muuguzi aliyewahi kufanya kazi katika zahanati avijua vitabu vyake vikubwa: cha wagonjwa wa nje, cha wajawazito, cha watoto, cha wodi ya wazazi. Kila mgonjwa ni mstari mmoja. Mwisho wa mwezi mistari huhesabiwa kwa mkono, jumla huandikwa katika fomu, na fomu hupelekwa makao makuu ya wilaya.

Msomaji asiyeijua nchi ile yafaa aelezwe umbali. Makao ya wilaya ya Karagwe ni Kayanga. Kabla ya mwaka 2012 wilaya hiyo ilikuwa kubwa, ikienea hata Murongo, ukingoni mwa mto Kagera, mkabala na Uganda. Fomu ya zahanati ya upande wa Murongo au Kaisho ilipaswa kuvuka vilima na kupita Nkwenda na Omurushaka hata kufika Kayanga, nyakati za mvua na za vumbi. Ikifika, ilijumlishwa na nyingine, na jumla ya jumla ikapelekwa Bukoba, kisha Dar es Salaam. Katika kila hatua habari ya kijiji ilipungua: Bukoba iliona wilaya, na Dar es Salaam iliona mkoa.

Kompyuta ilitazamiwa kuliondoa pazia hilo. Programu iliyokuja kulishughulikia ilianzia Afrika Kusini. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1994 nchi hiyo ilitaka kuunganisha hesabu za afya zilizokuwa zimegawanywa kwa misingi ya rangi, na watafiti wa huko wakashirikiana na wa Chuo Kikuu cha Oslo katika mradi uitwao HISP. Matunda yake yalikuwa programu ya DHIS, yaani programu ya habari za afya za wilaya, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990. Iliandikwa kwa Visual Basic na Microsoft Access.

Kwa nini zana hizo? Kwa sababu zilikuwa za wengi, tena wengi wa jirani. Kompyuta za maofisi katika sehemu hizi za dunia zilikuwa za Windows, na Access ilikuwa mara nyingi imekwisha kuwekwa ndani yake. Karani aliyepata mafunzo ya majuma machache aliweza kulifungua jedwali akaona namba zake. Programu ilikaa ndani ya mashine moja, haikuhitaji intaneti, nayo wilaya nyingi hazikuwa na intaneti. Toleo hili lilifika Msumbiji, India na nchi nyingine. Zanzibar ilianza kulitumia mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliingia katika mradi huo mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Lakini wepesi huo ulikuwa na ubaya wake. Kwa kuwa wengi waliweza kuibadilisha, wengi waliibadilisha, kila mmoja kwa namna yake, na nakala za nchi na nchi zikaacha kufanana. Virusi vya kompyuta vilishambulia mashine za wilaya, na nakala moja ikiharibika, hesabu za miezi zilipotea. Tena lugha yenyewe ilikuwa mali ya kampuni moja. Microsoft ilipogeukia zana nyingine, na mwaka 2008 ikaacha kabisa kuihudumia Visual Basic ya zamani, walioitegemea walijikuta wamesimama juu ya tawi linalokauka. Umaarufu wa zana iliyo mikononi mwa mwenye mali mmoja waweza kukomeshwa na mwenye mali huyo.

Java, na mzigo uliofungwa juu yake

Katika mwaka 2004 watu wa Oslo walianza kuitengeneza programu upya, nayo ikaitwa DHIS2. Walikusudia ifanye kazi katika seva moja, na wilaya ziifikie kwa njia ya mtandao. Walikusudia pia iwe programu huria, ambayo nchi yoyote yaweza kuichukua bila malipo. Lugha iliyochaguliwa ilikuwa Java. Hoja zao zilikuwa na uzito: Java haikudai malipo ya leseni, ilikubali kufanya kazi katika mashine za kila aina, na ilikuwa ikifundishwa katika vyuo vikuu vingi, cha Oslo kikiwamo. Kwa orodha zote za dunia za miaka ile, Java ilikuwa juu au karibu na juu. Yeyote angesema kwamba mafundi hawatakosekana.

Lakini ndani ya hoja hiyo palikuwa na kasoro, na kasoro hiyo haionekani katika orodha ya umaarufu wa lugha. Programu kubwa haiandikwi kwa lugha tupu. Juu ya Java zilipandishwa zana nyingine, kama Spring na Hibernate, zenye sheria zao na vitabu vyao. Kijana aliyehitimu chuo akiijua Java alikuwa kama mtu aliyejifunza Kiswahili cha sokoni kisha akapelekwa mahakamani kusoma hati za sheria: maneno ayafahamu, maana haimwingii. Watafiti wa mradi wenyewe wameandika kwamba ugumu wa zana hizo uliwazuia waandishi wengi wa programu katika nchi za Asia na Afrika kuingia katika kiini cha kazi, ambacho kilibaki kwa sehemu kubwa Oslo. Umaarufu wa lugha uliuficha uhaba wa wajuzi wa yale yaliyofungwa juu yake.

Sisemi kwamba uchaguzi ule ulikuwa mbaya. Matunda yake ni makubwa. Toleo la kwanza lilijaribiwa katika jimbo la Kerala, India, mwaka 2006. Kenya ilikuwa ya kwanza kusini mwa Sahara kuitumia nchi nzima kwa njia ya mtandao, mwaka 2011, na Tanzania Bara ilikuwa imekamilisha kuieneza katika wilaya zake ifikapo mwisho wa mwaka 2013. Nakala zilizotofautiana zikakoma, na namba iliyoandikwa Kayanga ikaonekana Dodoma na Dar es Salaam siku ile ile, bila kumezwa na jumla ya mkoa. Hii ni faida ambayo Access isingeweza kuitoa. Nasema tu kwamba kipimo cha kwanza kilitimizwa na cha pili kikapungua: zana ikawa ya wengi, lakini fundi akawa mbali.

Linganisha na programu nyingine ya zama zile, Care2x, ya kuendeshea hospitali. Mwanzilishi wake, Elpidio Latorilla, alikuwa muuguzi aliyefanya kazi Ujerumani. Aliiandika kwa PHP, lugha ya mwaka 1995 ambayo wataalamu wengi waliidharau kwa kukosa mpangilio. Lakini PHP ilikuwa rahisi kujifunza na ilipatikana kila mahali, hata muuguzi aliweza kuitumia kuandika shida zake mwenyewe zikawa programu. Hospitali kadhaa za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri nchini Tanzania ziliitumia Care2x na kuirekebisha kwa mahitaji yao. Lugha iliyodharauliwa na wakubwa ilimleta fundi karibu na kitanda cha mgonjwa.

Wilaya ilipogawanywa

Sasa tuje katika jambo ambalo laonyesha kwa nini ukaribu wa fundi si anasa. Mwaka 2012 wilaya ya Karagwe iligawanywa, na upande wake wa kaskazini na magharibi ukawa wilaya mpya ya Kyerwa. Sensa ya mwaka ule ilihesabu watu 332,020 katika Karagwe iliyobaki na watu 321,026 katika Kyerwa. Karibu nusu ya watu walihama wilaya bila ya kuhama nyumba zao. Hospitali ya Nyakahanga ilibaki Karagwe. Ya Isingiro, huko Kaisho, ikawa ya Kyerwa.

Katika DHIS2 vituo vya tiba vimepangwa kama matawi ya mti: zahanati chini ya wilaya, wilaya chini ya mkoa, mkoa chini ya taifa. Wilaya ikigawanywa, vituo huhamishwa kutoka tawi moja kwenda jingine. Na tabia ya programu hiyo ni kwamba kituo kikihamishwa, hesabu zake zote za nyuma huhama pamoja nacho, kwa kuwa jumla hukokotolewa kwa mti kama ulivyo leo. Kwa hiyo hesabu za mwaka 2010 zikitiwa humo, mtazamaji ataona wilaya ya Kyerwa katika mwaka ambao Kyerwa haikuwapo, na ataona Karagwe ndogo katika mwaka ambao Karagwe ilikuwa kubwa. Akiweka karatasi ya zamani ya Kayanga kando ya jedwali la kompyuta, namba hazitalingana, wala hakuna aliyekosea kuandika.

Kwa mganga atakaye kulinganisha malaria ya jana na ya leo katika mipaka ile ile, tabia hiyo yafaa. Kwa mwanahistoria, na kwa mkaguzi atakaye kujua wilaya ya zamani ilitumia dawa kiasi gani, yapotosha. Tiba yake ni ndogo: alama katika jedwali, ama programu ndogo ya kuonyesha mipaka ya kila mwaka. Lakini ni nani atakayeona haja ya tiba hiyo? Fundi wa Oslo haijui Kyerwa. Fundi wa Dar es Salaam aijua kwa jina. Anayeliona kosa ni karani wa Kayanga au wa Kyerwa, naye hana lugha ya kulitengenezea. Mwenye kuona hana mkono, na mwenye mkono hana macho.

Na mambo haya si mchezo katika mkoa ule. Kagera inapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na watu huvuka kila siku. Mwezi wa Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika wilaya ya Bukoba, na mwezi wa Januari 2025 ukatangazwa Biharamulo. Katika siku kama hizo kujua ni kituo kipi kimeripoti homa zisizo za kawaida, na kiko chini ya wilaya gani, ni jambo la uhai.

Mlango uliofunguliwa

Historia haikuishia hapo. Katika miaka ya 2010 watengenezaji wa DHIS2 walifungua mlango wa pembeni: programu kuu ilibaki katika Java, lakini mtu yeyote aliweza kuandika programu ndogo ya nje, inayozungumza na ile kuu kwa njia ya mtandao, naye akaiandika kwa JavaScript. Majina ya lugha hizi mbili yafanana, lakini si ndugu. JavaScript ilizaliwa mwaka 1995 kwa ajili ya kurasa za mtandao, na kwa kuwa kila kompyuta na kila simu ya kisasa ina kisomaji cha kurasa hizo, vijana wengi hujifunza lugha hiyo kwanza, hata bila ya chuo.

Matokeo yalionekana upesi. Kundi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam liliandika programu ndogo za DHIS2, mojawapo ikiwa ya kadi za alama zinazoonyesha kwa rangi wilaya ipi imefikia lengo na ipi imebaki nyuma. Kazi hizo zilitumiwa hata na nchi nyingine. Watu waliokuwa wapokeaji wakawa watoaji. Hawakuwa wamebadilika akili kwa usiku mmoja. Lugha iliyotakiwa mlangoni ndiyo iliyobadilika, ikawa ile ambayo wengi wa jirani waliijua.

Hoja na majibu yake

Watakuwapo watakaopinga, waseme kwamba zana yapasa ichaguliwe kwa ubora wake, si kwa wingi wa watu. Nawajibu kwamba ubora wa zana haukamiliki ndani ya zana. Jembe zuri lisilo na mhunzi ni zuri kwa msimu mmoja. Simula ilikuwa bora na ikakosa watu. Mashine za Hazina zilikuwa imara na zikakosa watu.

Wengine watasema kinyume: basi tufuate orodha ya dunia, tuchukue iliyo juu. Hao nawajibu kwa kuwakumbusha Visual Basic, iliyokuwa ya wengi ikaachwa na mwenyewe, na mzigo uliopandishwa juu ya Java. Orodha ya dunia huhesabu watu ambao hawatafika Kayanga kamwe. Halmashauri itakayo kununua au kutengeneza programu yafaa iulize ni wangapi katika wilaya na mkoa wake wawezao kuisoma programu hiyo na kuirekebisha, na kama hawapo, itachukua muda gani kuwafundisha. Jibu la swali hilo lina thamani kuliko nafasi ya lugha katika orodha yoyote.

Nao wenye vyuo na shule wana wajibu wao, kwa sababu wingi wa jirani hauzaliwi wenyewe. Lugha ya kompyuta inayofundishwa katika shule za Karagwe na Kyerwa leo ndiyo itakayoamua ni zana zipi wilaya hizo zitaweza kuzimiliki baada ya miaka kumi. Mwalimu anayefundisha darasa moja la vijana kuandika programu huko Kayanga ameongeza wingi palipo na haja nao, ijapokuwa hakuna orodha ya dunia itakayomhesabu.

Wengi wape, ndiyo. Lakini kwanza tuulize wengi hao wanakaa wapi.